Mwambie Fundi Aweke Panga Chini

Mjukuu wangu mpendwa Upendo,

Marahaba. Amani ya Bwana ikulinde huko Njombe. Bibi yako hajambo, na mvua imetufikia Lushoto kwa wakati wake.

Unauliza kama umruhusu fundi wa bustani aikate haidranjia yako, ua lile la vishada vikubwa, iliyokwisha kutoa matumba, kwa sababu eti imeziba dirisha. Nimesoma nikakasirika. Usimruhusu! Mmea huu hupogolewa kabla haujachipua, kwa mkasi mkali, juu kidogo ya jicho la tawi.

Dada yangu alipokaribia kuolewa, vishada vyeupe vya maua ya haidranjia ya mlangoni kwetu ndivyo ambavyo angevishika kanisani. Wiki ile ile ya harusi mjomba wetu alikuja na panga, akavifyeka mpaka kwenye kisiki.

“Mjomba, umefanya nini?” dada alilia.

“Nimewasafishia mlango, wageni wapite. Kwani hayataota tena?”

“Yataota kabla ya Jumamosi?”

Aliingia kanisani mikono mitupu. Mjomba nilimsamehe, kwa kuwa Bwana ameamuru. Lakini hadi tulipomzika, sikumruhusu tena kushika panga uani kwangu.

Ni mimi, babu yako.