Tata, ungoje nirudie

Tata, bukari iko mu sahani, mboga ya sombe mu nyungu. Kula kwanza.

Tata Gracien, ule mugeni wetu, akirudia na karatasi yake, usitie sahihi. Asubui alisema: «Mi nitalipa avoka, mwanasheria wa kudai pesa yako ya mwisho ya kazi ku kampuni. Ukishinda, tunagawa. Ukishindwa, hauna deni.» Lakini wakati nilimumiminia chai, nilisoma mustari wenye aliruka: ukishindwa, nyumba ni yake!

Naenda Dilala, ku tribinali, kuuliza kama sheria inakubali vile.

Najua njaa imetushinda sisi wote toka kampuni ikufukuze. Lakini tukifukuzwa na mu nyumba, mama atalala wapi?

~~Malineti yako ya macho, ya kusomea, sijui iko wapi.~~ Niko nayo mu sakoshi yangu ya mukono. Tangu zamani hautii sahihi pa kitu haujasoma. Leo usianze.

Mutoto yako mukubwa, Mwadi