Bangi yangu na vidonge vya mama yako

Baraka, siku ya soko

Chérie, mama yangu wa Kazimia,

Mi baba yako niko muzima, meno tu ndiyo yamenikimbia. Kanisani bamenitenga na Meza ya Bwana kwa sababu ya bangi ninayovuta jioni magoti yakiuma. Aliyenihukumu ni muzee wa kanisa Jérémie, akinuka pombe ya lotoko mupaka Biblia yake ikalewa. Nikamwambia, "Muzee, bangi yangu haijaua hata kuku." Akasema niko na Shetani.

Sawa. Lakini paracetamol ya mama yako, nani ataitenga? Kichwa kikimuuma anaimeza kama karanga. Sasa macho yake yamekuwa ya manjano. Docta amesema ini yake imeharibika, asiguse tena hata kidonge kimoja. Bamama ba kanisa banakuja kumuombea, na kila mumoja anamuletea paracetamol! Nikibafukuza, banacheka: "Muvuta bangi anatufundisha dawa?" Na mama yako anameza.

Wewe anakusikia. Panda boti ya kwanza huko Kazimia, uje huku Baraka ukae mulangoni, ubapokonye vile vidonge. Mi nimeshindwa, Chérie, na niko na woga.

Baba yako, mutengwa wa Bwana,
Isidore