Parseli Mbili ku Vulamba

Masika, mujukuu wangu,

Huku Butembo tuko bazima, na kaka yako alirudia Beni ku masomo. Unaniuliza kama barua ya muuzaji inatosha kwa parseli, kile kipande ya udongo yenye umenunua.

Nikiwa ningali kijana, mimi na mudogo wangu Kavira tulinunua parseli mbili ku Vulamba, kwa muzee mumoja. Mimi nilijenga mara moja. Kavira, mwenye alikuwa anauzisha samaki ya Kyavinyonge, alitembea ku biro ya udongo mpaka bakamuandikia sertifika kwa jina yake. Parseli yake ilibakia majani tu. Nilimucheka: "Utalala ndani ya karatasi?"

Muzee akafa. Batoto yake bakakuya kusema baba yao hakuuzisha kitu. Kavira akaonyesha sertifika, bakamuacha. Mimi nilikuwa na barua ya muzee tu, na ku biro parseli ilikuwa ingali kwa jina ya muzee. Bakanitosha mu nyumba yangu, bakanifukuza.

Kavira akaniambia, "Lete mabati yako, yaya, mukubwa wangu, tujenge kwangu."

Nilienda. Lakini kila asubui nikimuona anafagia kiwanja yake, wivu ilikuwa inaniunguza roho. Nilingojea anicheke na yeye, ili nipate sababu ya kumukasirikia. Hakunicheka hata siku moja.

Jana nilimusomea barua yako. Kabla nifungue kinywa, akasema, "Muambie Masika abadilishe jina kwanza, kisha ajenge."

Donc, fanya vile. Hata kwa kumujibu mujukuu wangu mwenyewe, Kavira amenitangulia.

Mungu akulinde.
Koko yako