Jiwe la Gozo na Ukuta Wetu wa Ibra, Oman

Gozo, Malta

Shikamoo Baba, na Mama mfikishie yake.

Kisiwa hiki chote kimejengwa kwa mawe ya rangi ya samli. Yakitoka machimboni huwa laini, msumeno unayakata kama halua, kisha upepo huyakaza! Jana nilimkuta fundi mwashi anajenga nyumba yake, nami kwa mazoea yetu nikamuuliza kwa Kiarabu, "Plasta utapiga lini?" Lugha yao nusu Kiarabu, kwa hivyo alinifahamu, na akanuna. Akanishika mkono, akaligonga jiwe kwa vidole vyangu mwenyewe. "Sikiliza!" Wallahi, likalia kama kikombe cha kahawa. Akasema jiwe linalolia ni zima, na ukishalifunika hutolisikia siku likianza kuugua.

Hapo nikakukumbuka wewe, kila asubuhi ukigonga ukuta wa nyumba yetu hapo Ibra aliojenga Babu, nasi nyuma ya mlango tunacheka kwamba uzee umeshakufika.

Nisamehe, Baba. Wale mafundi wa plasta niliowaita waje mwezi ujao, wape kahawa na tende, kisha warudishe kwao. Nikifika tutaugonga pamoja, unifundishe kusikia.

Mwanao akupendaye,
Salim