Nilifumba Macho Kabla ya Kutua

Shoga, bado niko kwenye gari nje ya uwanja wa ndege. Hata kuwasha gari sijaweza.

Leo nusura nimuue mwalimu wangu wa urubani. Na mimi mwenyewe.

Alinivalisha kile kikofia cha kunizuia kuona nje, nishuke kwa kutazama kioo cha GPS tu. Uwanja wenyewe mgeni kwangu. Unajua kabla ya kutua huwa nasali. Nikafumba macho, sekunde tatu tu.

Hapo ndipo yakabadilika maandishi ya kioo yanayokuambia unashuka kwa mtindo gani. Nilipofumbua nikaona mshale wa kushukia umetokea, nikaufuata kama ninavyofanya uwanja wetu.

"Nachukua mimi," mwalimu akasema, taratibu kabisa. Ndege ikapanda. Nikavua kikofia. Mnara wa simu ulikuwa ubavuni mwetu, kilele chake kimetupita kwa urefu.

"Kioo kimeandika nini?"

"LPV," nikajibu kwa mazoea. Ndiyo ya uwanja wetu, ambayo mshale wake unakushusha salama hadi karibu na ardhi.

"Soma, mama."

LNAV+V. Shoga, LNAV+V. Hapo mshale unakusaidia tu, haukulindi na minara. Ukifika futi mia sita hujauona uwanja, hushuki tena. Mimi nilikuwa mia nne na hamsini. Mia nne na hamsini, na moyo umetulia.

Hakunifokea. Tulipotua akasema, "Mungu anakusikia hata ukisali macho wazi."

Kesho ananirudisha palepale. Niombee wewe. Mimi nitakuwa nasoma kioo.