Mpira Uliogusa Mstari

Unayesoma, nakuomba kwa jina la Mwenyezi Mungu, usimsomee mtu maneno haya. Usiyapeleke kwenye makundi ya simu. Mji wetu mdogo. Mwanangu nitamwita Salha, na silo jina lake.

Jumamosi. Mawingu tangu asubuhi, mvua haijanyesha.

Salha ana miaka kumi na moja. Leo amecheza fainali ya tenisi ya watoto, Mbweni. Mshindi angevuka bahari kwenda kushindana Dar es Salaam. Baba yake ndiye anayemfundisha. Humtoa kitandani baada ya Alfajiri, na akikosea humpiga mipira ya mgongo, kwa nguvu, akaita hayo mazoezi. Mimi hukaa pembeni na chupa ya maji.

Mashindano haya hayana mwamuzi. Kila mtoto husema mwenyewe kama mpira ulioanguka upande wake uko ndani au nje, na wazazi tunatakiwa kunyamaza.

Mpinzani wa Salha alibakiza pointi moja ashinde. Akapiga, mpira ukagusa mstari wa Salha, kidogo mno, sidhani kama yupo mwingine aliyeona. Salha angesema nje, mchezo ungeendelea.

Akasema ndani. Akaenda kwenye wavu kumpa mwenzake mkono.

Baba mmoja akasema kwa sauti, "Huyu mrudisheni chuoni akahifadhi juzuu za Kurani, tenisi haimfai." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, kwa woga, huku namtazama mume wangu. Yeye hakucheka.

Alimvuta Salha mpaka nyuma ya banda la vifaa. Nikawafuata.

"Nani kakutuma useme ndani?"

"Hakuna, baba. Ulikuwa ndani."

Pigo la kwanza la raketi lilimpata begani. La pili alilikinga kwa mkono, nikasikia mfupa ukivunjika. Hakulia. Nadhani hilo ndilo lililomtia baba yake wazimu. Akaipiga raketi ukutani mpaka ikakatika, akamrudia na kipande chenye ncha.

Nikaingia kati. Ncha ikanichana shavu. Mimi, karani ninayemwomba radhi hata aliyenikanyaga, nilimng'ata mume wangu mkono mpaka damu ikanijaa mdomoni, na sikumwachia mpaka kipande kilipoanguka.

Tukakimbia.

Hospitali muuguzi aliuliza, nikajibu kwamba mtoto ameanguka. Salha akanitazama, kisha akamgeukia yule dada. "Baba kanipiga. Mama ameona."

Basi. Wakamfunga hogo la plasta mkononi, wakawaita polisi. Kesho nitatoa maelezo. Nawaogopa wakwe zangu, nawaogopa watakaosema mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani. Lakini kama nitanyamaza, mwanangu atasimama peke yake mbele ya watu wazima, na mkono mmoja.

Ukitaka kunipata, usipige simu. Yangu imebaki kwake, hii nimeazima. Usiulize kazini kwangu. Andika hapa chini ya ukurasa huu, bila jina langu, nami nitasoma nikipata nafasi. Usiulize tuko wapi. Na akikujia mwanamume mwenye bandeji mkononi, akauliza habari zetu kwa upole, maana atauliza kwa upole, mwambie hukutuona.