Nadir, Hukutoroka

Mjukuu wangu Nadir,

Barua za wazee wetu zilianza kwa kuulizana hali. Sitakuuliza yako, maana sehemu kubwa ya hali hiyo nimeisababisha mimi, na kuuliza kungekuwa kejeli. Naiandika barua hii wazi, isomwe na Waswahili wa Jeddah na wa huko Unguja, kwa sababu mtu aliyelaaniwa kwa ajili yako alilaaniwa mbele ya watu.

Nianze na mpira. Ulikuwa na miaka kumi na saba. Sinema zilikuwa zimeshafunguliwa, wanawake wameanza kuendesha magari, na vijana wa Kisaudi waliosoma Marekani walikuwa wakirudi na michezo yao. Mmoja wao, ambaye baadaye ulimwita Kocha, alikuona kwenye kiwanja kitupu nyuma ya Balad, mji mkongwe wa Jeddah, ukipiga mpira wa kawaida ukutani, mara kumi, mahali palepale. Akakupa mpira wa Kimarekani, uliochongoka pande mbili. Ulikuja nao nyumbani umeukumbatia, nami nikakuuliza, "Papai hilo umenunua wapi?"

"Si papai, Babu. Wameniambia mimi ni mpigaji."

Ukanieleza kwamba mchezo mzima watu wenye kofia ngumu husukumana na kuangushana, na mpigaji hukaa nje peke yake. Wenzake hawamsemeshi, wasije wakamtia wasiwasi. Wakishindwa kusonga mbele, ndipo anaitwa. Mwenzake hupiga goti na kuusimamisha mpira kwa kidole. Yeye hurudi hatua tatu nyuma na mbili pembeni, akaupiga upite kati ya milingoti miwili, kisha anarudi kukaa.

"Basi timu imechukua mguu," nikasema. "Wewe mwenyewe wamekubeba kwa kuwa mguu haung'oleki."

Ulicheka. Ulikuwa mtoto wa kuyacheka matusi yangu, na mimi nilikihesabu kicheko chako kuwa ruhusa.

Siku za Ijumaa, baada ya alasiri, ulinichukua kiwanjani nikushikie mpira. Mzee wa karibu miaka sabini, magoti kwenye vumbi. "Usibane, Babu. Kidole kimoja tu, kama unamnyamazisha mtu." Sikupata kukwambia kwamba nilikuwa nikifumba macho. Mara nyingi sikuona mpira ulikokwenda. Nilisikia mshindo wa mguu wako ukinipita karibu na uso, kisha sauti yako ikihesabu kwa Kiarabu.

Wasomaji wengine hawakujui, kwa hiyo niwaambie. Baba yako, mwanangu, alifariki ukiwa na miaka minne, nami nikakulea. Ulizaliwa Jeddah, lakini pasipoti yako ilikuwa ya Tanzania, nchi uliyoijua kwa maneno yangu tu. Umri wako ulipopita wa kuwemo kwenye ikama yangu, kibali cha kukaa nchini, Abu Faris alikuandika kuwa mfanyakazi wake. Yeye alikuwa kafili wetu sote wawili, mdhamini wetu kwa serikali, mwenye duka la vitambaa ambamo nimekuwa karani wake, na wa baba yake kabla yake, miaka arubaini.

Kisha timu ya Riyadh ikakutaka. Ulihamia mtaa wa Manfuha huko, chumba kimoja na Wakenya watatu. Nilipokupigia simu mara ya kwanza alipokea mmoja wao, dereva wa nyumba ya watu, akaniambia, "Mzee, huyu kijana wako akikosa kick moja, jioni yote hatuongei. Tunamuogopa kuliko madam." Nikakusikia nyuma yake ukicheka.

Msimu wa pili Kocha alitafuta njia ya kuihamisha ikama yako kwa mwenye ukumbi wa mazoezi wa huko, ucheze na ufanye kazi kihalali. Abu Faris alikuwa tayari kukuachia. Ni mimi niliyemwambia asubiri.

"Asubiri nini, ya ammi?" aliniuliza, akiniita ami kama desturi yake, tukiwa dukani. "Kijana amepata riziki yake."

"Mwandikie hurubu."

Akaiweka mezani mita yake ya kupimia vitambaa. Hurubu ni taarifa ya kafili kwa serikali kwamba mfanyakazi wake ametoroka. Akishaandikiwa hiyo, mtu hana pa kusimama katika nchi hii.

"Nadir hakutoroka. Sote tunajua alipo."

"Najua. Atishike, arudi. Akirudi utaifuta."

Sisi wa zamani tuliijua hurubu ya karatasi. Kafili aliipeleka kwa karani waliyefahamiana, karani akaitia kwenye mtoto wa meza, na habari ikamfikia aliyeondoka. Akarudi kichwa chini, wazee wakasuluhisha, karatasi ikachanwa, tukanywa chai. Nimesuluhisha nyingi namna hiyo na nikajiona bingwa. Abu Faris hakuandika karatasi yoyote. Aliibonyeza kwenye simu yake, kati ya mteja mmoja na mwingine. "Halas," akasema. "Kuna siku chache za kuifuta. Zikipita, hata mimi siwezi." Nilimsikia vizuri. Nilidhani ni maneno ya watu wa siku hizi, maana katika umri wangu wote hapa sijaona jambo lisilofutika kwa kuombwa na mzee.

Nilijiambia naihofia mifupa yako. Mpigaji haguswi, uliniambia mwenyewe, na niliyajua hayo. Nilichohofia ni kufia katika chumba ambacho hamna mtu wa kunijibu kwa Kiswahili.

Siku za kufuta zilikuwa hazijaisha nilipopanda basi kuja Riyadh kukutazama kwenye fainali. Nilikusudia kukwambia baada ya mchezo na kukurudisha nyumbani. Ulinipokea mtaa wa Batha, niliposhuka, ukanichukulia mkoba, ukanipitisha katikati ya watu kama unapitisha sahani ya kaure. Kule uwanjani nilikuona umekaa mwisho wa benchi, peke yako, unaitazama nyasi. Mchezo ulipobakiwa na sekunde ukaitwa. Yadi arubaini na nne. Safari hii sikufumba macho. Mpira ulipita katikati ya milingoti, juu sana, na wasichana wa jukwaani wakaliita jina lako, kitu ambacho mwaka niliofika mimi nchi hii kingewatia watu jela.

Ukanishika mkono ukanipeleka kwa wenzako. Ukawaambia kwa Kiarabu, "Huyu ndiye aliyenishikia mpira wa kwanza." Wote wakanipa mkono. Kisha ukanigeukia kwa Kiswahili.

"Babu, umenionaje?"

"Nimeuona mguu," nikasema. "Wewe sijakuona."

Kocha hakuelewa, akaendelea kutabasamu. Wewe hukucheka safari hii. Nilikuwa na hasira kwa sababu ulikuwa hodari. Mtu asiye hodari angerudi mwenyewe, bila ya hurubu. Asubuhi yake nikapanda basi la Jeddah bila ya kukwambia nilichokijia, na siku zikaisha nikizijua moja moja.

Walikukamata kwenye kizuizi cha barabarani, unatoka mazoezini. Nilikuja tena Riyadh, kwenye tarhili, nyumba wanamowaweka wanaosubiri kurudishwa makwao. Nilikuletea nguo na viatu vya wazi. Ulisogea kwenye wavu ukanena kwa sauti ya chini.

"Ni Abu Faris, Babu. Usigombane naye. Ikama yako iko mkononi mwake. Nyamaza tu."

Nikanyamaza. Sijapata kukutii kwa wepesi kama siku ile. Wakachukua alama za vidole vyako vyote kumi, wakakupandisha ndege ya Zanzibar. Anayetolewa kwa mlango huo harudi tena kufanya kazi.

Mimi nilitolewa Unguja baada ya Mapinduzi, nikiwa na miaka kumi na tano, na kanzu moja. Zaidi ya miaka hamsini nimewalaani walionitoa, kwa ufasaha, mbele yako, wakati wa chakula, nawe uliacha kula ukanisikiliza. Wao angalau hawakunilea.

Watu wetu wa Jeddah waliacha kumwitikia Abu Faris salamu msikitini. Alipomuoza binti yake hawakwenda. Nami sikwenda, ili nifanane nao. Nilipomuuliza kwa nini hasemi ukweli, akaendelea kukunja kitambaa. "Maneno hayo ni yako, ya ammi. Mimi siwezi kukusemea." Basi nayasema. Alinikataza, nikamshurutisha kwa heshima ya mvi zangu. Nawaomba waliosoma mpaka hapa wampe mkono.

Nawe, Nadir, hukutoroka. Mitambo ya nchi uliyozaliwa imeandika kwamba ulitoroka na haitabadilisha. Mchezo wako uliishia miaka ishirini na moja kwa sababu babu yako alitaka mtu wa kuzungumza naye jioni.

Wiki iliyopita umenitumia sauti kutoka Unguja. Unauza vifaa vya simu, huna milingoti wala mwenzako wa kupiga goti, na hukulalamika. Umesema, "Rudi nyumbani, Babu. Chumba cha nyuma nimekipaka rangi, na nimekutafutia kitanda kifupi kwa ajili ya magoti yako." Nimeisikiliza mpaka nimeichoka sauti yangu mwenyewe inayotaka kukujibu.

Nimeshaomba ruhusa ya kuondoka moja kwa moja, na Abu Faris ameitoa siku ileile. Nitafika mwezi ujao, Alhamisi ya kwanza, kwa ndege ya adhuhuri. Usije kiwanja cha ndege kwa kuwa ni ada kumpokea mzee. Usije kwa adabu niliyokufundisha, wala kwa kuogopa watu watasemaje. Nikishuka nisikuone, nitajua kwamba barua imekufikia.

Babu yako, mzaa baba.